Kikapu cha Saa Zilizofufuka

Kasha la chuma lilikuwa wazi. Ndani yake mlibaki kitambaa chekundu cha mahameli chenye mibonyeo tisa ya duara, kila mbonyeo mahali pa saa iliyokuwa imelala pale.

Inspekta Gershom Jefwa alipiga magoti mbele ya kasha, akalitazama kama mtu achunguliaye kisima. Ilikuwa Ijumaa alasiri, mwaka wa 1962. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na Likoni nzima ilionekana kama imefunikwa shuka nyeupe ya bafta. Hata honi ya feri ilisikika kwa mbali, kama mtu anayeita akiwa usingizini.

"Tisa, Inspekta!" alilia Bwana Karsan, mwenye duka. "Zote tisa!"

"Na hizi za kwenye kabati la kioo?"

"Hizo zipo. Mpya kumi na nne. Hakuna hata moja iliyoguswa."

Jefwa aligeuza shingo. Saa mpya za Valdori zilimeta ndani ya kabati kama meno ya mtoto anayecheka. Kabati lenyewe halikuwa na kufuli, ila komeo dogo la kusukuma kwa kidole.

"Mwizi gani huyu," alisema polepole, "anayepita kwenye mpya asiziguse, akaenda kufungua kufuli achukue kuukuu?"

"Anayejua thamani yake," Karsan alijibu, na macho yake yakamwendea mwanamke aliyesimama mlangoni na fagio mkononi.

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni ya Valdori ya Uswisi ilikuwa imetangaza jambo ambalo watu wa Likoni na Mtongwe walikuwa hawajapata kulisikia. Mwenye Valdori ya zamani, hata iwe imekufa, ailete dukani kwa Karsan. Ataiacha, na ataondoka na mpya kwa robo ya bei. Zile kuukuu zitasafirishwa Ulaya kwa matajiri wanaokusanya saa kama watoto wakusanyavyo kauri ufukoni. Siku ya Jumatatu bingwa wa kampuni angefika kutoka Nairobi, afungue kila saa na kuhakikisha kuwa ya ndani na ya nje ni kitu kimoja. Mpaka siku hiyo mtu yeyote asizifungue.

Watu tisa walikuwa wameleta. Na sasa mibonyeo tisa ilikuwa mitupu.

"Wewe nani?" Jefwa alimwuliza yule mwanamke.

"Kahaso, bwana. Nafagia hapa."

"Bwana Karsan alikuwa wapi adhuhuri?"

"Alivuka kwenda kisiwani. Benki."

"Na wewe?"

"Nilikwenda bombani kuteka maji."

"Ulifunga mlango wa nyuma?"

"Nilifunga."

"Kwa ufunguo?"

"Kwa ufunguo, bwana."

Jefwa alikwenda kwenye mlango wa nyuma. Ufunguo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari. Buibui mdogo alikuwa amefunga nyuzi zake kutoka msumari hadi kwenye ufunguo, na nyuzi hizo zilikuwa zimetanda bila kukatika. Ufunguo ule haukuwa umeguswa kwa siku mbili tatu.

Hilo hakumwambia Karsan. Moyo wake ulimwuma kidogo, kwa sababu Kahaso alikuwa na sauti ya watu wa kwao, Kaloleni.

Mtaalamu wa alama za vidole alikuja na brashi yake na unga wake. Kufuli halikuvunjwa wala kukwaruzwa. Lilifunguliwa kwa upole, kama mtu afunguavyo kishikizo cha nguo ya mtoto. Kwenye kasha palikuwa na alama za Karsan na za Kahaso, basi.

"Huyo hulipangusa kila asubuhi," alisema Jefwa.

"Na kila asubuhi amenisikia nikisema wazungu wanazililia saa hizi!" Karsan alifoka. "Mkamate!"

Walimchukua. Alipokuwa akipanda gari la polisi Kahaso hakulia. Alisema tu, "Watoto wangu watatu wako kwa mama. Nikifungwa, nani atawapelekea unga?"

Mkubwa wa Jefwa, Mzungu wa kisiwani, alipiga simu magharibi. Jumatatu asubuhi mtuhumiwa apelekwe kwa hakimu. Kesi ndogo, alisema, imalizwe upesi.

*

Jumamosi, Jefwa aliketi kwenye kibao mbele ya mahabusu.

"Dada Kahaso, ulinidanganya juu ya ufunguo."

Kahaso alivuta leso mabegani.

"Buibui amekushtaki."

Kahaso aliinamisha kichwa. "Niliurudisha mlango tu. Mikono ilikuwa na ndoo mbili. Nilidhani nitarudi mara moja, kumbe bombani foleni. Ningesema hivyo mbele ya Karsan, kazi ingekwisha palepale."

"Sasa badala ya kupoteza kazi, unakabiliwa na jela."

"Ndiyo. Akili ya maskini hiyo, bwana. Huogopa fimbo ya karibu kuliko panga la mbali."

"Uliona mtu njiani?"

"Nani wa kumwona? Ijumaa adhuhuri, wanaume wote wako msikitini. Njia ilikuwa tupu, mvua peke yake ndiyo inayotembea."

Jefwa alimwamini. Lakini imani ya inspekta hakimu haandiki kwenye jalada.

Akachukua orodha ya Karsan. Mbele ya kila jina Karsan alikuwa ameandika hali ya saa ilipoletwa. Imekufa. Imekufa. Imekufa. Nane zilikuwa zimekufa. Mbele ya jina moja tu paliandikwa: inatembea. Jina hilo lilikuwa Bi Mwanatatu binti Mwinyi, wa Mtongwe.

Akapanda baiskeli.

Njia ya Mtongwe ilipita kati ya minazi inayodondosha maji. Kulia kwake mikoko ilisimama kwenye maji ya kijivu, na ukungu ulifuta mpaka wa bahari na mbingu. Jefwa hakuwa amelala vizuri. Aliona kama anaendesha baiskeli ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Bi Mwanatatu alikuwa ameketi barazani akichambua mchele. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye leso mbili za kisutu, na macho makali ya kuku.

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo, karibu, keti. Wewe ndiwe askari wa saa?"

"Ndimi."

"Ishaka!" aliita ndani. "Mletee mgeni kahawa!"

"Naam, bibi!" Ishaka akatoka, mjukuu wake, kijana mrefu aliyepata kazi bandarini mwezi ule. Mkononi alivaa Valdori mpya, na kila mara aliinua mkono kwa namna ambayo kila mtu angeiona.

"Bibi, saa uliyopeleka kwa Karsan ilikuwa ya nani?"

"Ya mume wangu, Mwidani. Alifariki miaka kumi na mitano sasa."

"Ilikuwa inatembea."

"Yatembea vizuri sana. Wala haikupata kusimama."

"Majirani wanasema ulilala nayo chini ya mto."

"Majirani huona hata chini ya mto, sivyo?" Alicheka. "Ni kweli. Nalilala nayo."

"Sasa mtu anayelala na saa ya mumewe miaka kumi na mitano, kwa nini aipeleke kubadilishwa?"

Bi Mwanatatu alipepeta ungo. Makapi yakaruka, yakaelea hewani muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya makapi.

"Kitendawili," alisema.

Jefwa alishangaa. Kisha akajikuta anatabasamu. "Tega."

"Nyumba ni ileile, mlango ni uleule, jina la mwenye nyumba ni lilelile. Lakini abishaye hodi husikia kikohozi kigeni."

Jefwa alifikiri. "Nyumba iliyopangishwa?"

"Siyo."

"Mwili wa mtu aliyepagawa?"

"Hata! Wewe wafikiri kama askari. Nipe mji."

"Nakupa Malindi."

"Malindi nimekwenda, sikupata kitu."

"Basi nakupa Mombasa yote, na feri juu yake."

"Hiyo nimeipokea. Lakini jawabu sikupi. Nimelificha miaka mingi, haliwezi kutoka kwa sababu ya kikombe cha kahawa. Likitoka, kuna mtu litamchoma."

Jefwa alimtazama. Palikuwa na utani kinywani mwake. Machoni hapakuwa na utani.

*

Jumapili asubuhi, Konstebo Gona aliingia ofisini mbio, kofia mkononi.

"Afande! Bomu!"

"Bomu wapi?"

"Kwenye uzio wa kituo! Kuna kikapu kimetundikwa, na kinalia!"

"Kinalia vipi?"

"Kama nzige wanakula mahindi, afande. Mimi nina watoto!"

Jefwa alitoka. Kikapu cha ukindu kilining'inia kwenye mwiba wa uzio, kimefunikwa kwa jani la mgomba lisiingie mvua. Akakisogelea na kutega sikio.

Sauti ile ilikuwa nzuri ajabu. Tiki nyingi ndogo zilikimbizana, zikapishana, mara zikalingana kwa pigo moja, kisha zikatawanyika tena. Jefwa alisimama akasikiliza kwa muda ambao baadaye hakuweza kuupima, mpaka Gona akaita kutoka nyuma ya mti, "Afande, ungali hai?"

Akafunua. Saa nane za mfukoni zilikuwa zimelazwa kwenye pamba, kila moja imepanguswa ikang'aa. Zote zilikuwa zinatembea. Akrabu zote zilionyesha wakati mmoja.

Juu yake palikuwa na karatasi yenye maandishi ya herufi za Kiarabu. Ishaka, aliyekuwa akipita kwenda feri, aliitwa asome: "Mwanamke hana kosa."

Jefwa alizihesabu tena. Nane. Alichukua orodha ya Karsan. Iliyokosekana ni moja, ile iliyoandikwa: inatembea.

"Gona, saa hizi zilipoibwa zilikuwaje?"

"Zimekufa, afande."

"Sasa?"

Gona alisogea, akapeleka sikio. Uso wake ukafunguka. "Mwizi amezitengeneza?"

"Mwizi gani atakesha siku mbili akitengeneza mali aliyokusudia kuirudisha?"

"Mwendawazimu."

"Au mtu ambaye mkono wake haujui kuiacha saa iliyokufa mezani." Akamgeukia Ishaka. "Kule Mtongwe, saa hutengenezwa na nani?"

"Fundi Rashid. Ni yeye tu."

"Unaswali naye?"

"Kila Ijumaa. Huwa safu ya kwanza, mimi nyuma yake." Ishaka akasita. "Juzi hakuwako. Tulidhani ni mgonjwa."

Jefwa alisimama pale uzioni. Nyumba ileile, mlango uleule, kikohozi kigeni. Kifuniko kilekile cha Mwidani, mkufu uleule. Na ndani yake?

"Ishaka," alisema, "siku ya leo utachelewa kazini. Kamwite bibi yako, mje kwa fundi."

*

Kibanda cha Fundi Rashid kilikuwa kidogo kama kabati, lakini safi kuliko hospitali. Mwenyewe aliketi nyuma ya meza na kioo cha jichoni. Ndevu zake zilikuwa nyeupe, na macho mekundu kama ya mtu aliyetoka moshini.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam. Karibu, Inspekta."

Jefwa aliketi, akatoa mojawapo ya zile nane, akaiweka mezani. Ilikuwa ikitembea, tiki, tiki.

"Nimeletewa hii. Bwana Karsan haipendi."

"Kwa nini haipendi?"

"Anasema imetengenezwa ovyo. Inapoteza dakika tano kwa siku."

Fundi Rashid alishtuka kama aliyetukanwa mama yake. "Dakika tano? Wallahi huyo ni mwongo! Kamani yake nimeitia mpya, na vito vyake nimevisafisha kimoja kimoja kwa…"

Akakiondoa kioo jichoni.

Mvua ilipiga bati. Saa iliendelea kutembea mezani, haijui lililotokea.

"Kwa kitu gani?" Jefwa aliuliza kwa upole.

"Kwa petroli," alinong'ona mzee. "Na unyoya wa kuku."

"Ijumaa adhuhuri ulikuwa wapi?"

"Unajua."

"Nataka kusikia kwako."

"Niliacha swala ya Ijumaa." Machozi yalimjaa. "Miaka arubaini sijaiacha. Nilijua njia ni tupu. Nilisukuma mlango wa Karsan, ukafunguka. Kufuli lake ni la kitoto, nikalifungua vidole vimefungwa kitambaa."

"Kwa nini zote tisa?"

"Ningechukua moja, kila mtu angeuliza, kwa nini ile. Nilikusudia kuzitupa baharini. Nikazipanga hapa kwanza. Nikawasha taa. Ule ukimya wao, Inspekta! Nane, kimya, kama watoto wagonjwa. Nikasema nitafungua moja tu nione inaumwa nini. Basi ndivyo nilivyokesha."

"Na ya tisa?"

Fundi Rashid aliingiza mkono ndani ya kanzu, kifuani, akatoa saa ya fedha iliyochakaa. Aliiweka mezani kama mtu anayelaza kichanga.

"Fungua," alisema Jefwa.

Mzee akafungua kwa ukucha. Upande wa ndani wa kifuniko palichorwa nambari. Kwenye mashine palikuwa na nambari nyingine.

"Bingwa wa Nairobi angeona hili," Jefwa alisema.

"Angeliona, angelitangaza dukani mbele ya watu. Na yeye angesikia."

"Nani?"

"Bi Mwanatatu. Mwidani alipofariki, aliniletea saa hii siku ya arubaini. Alisema, fundi, isafishe, nataka niisikie usiku, ndiyo mapigo ya moyo wake. Niliitoa mashine, nikaiosha kwa petroli. Taa ilianguka, Inspekta. Paka alipita tu. Moto ukala kila kitu. Kifuniko ndicho kilichosalia, kilikuwa mbali. Ningemwambiaje? Mtu amefiwa mara moja, nimfishe mumewe mara ya pili? Nilikuwa na Valdori niliyoachiwa na mpishi wa meli. Nikaitia ndani. Akaichukua, akaiweka sikioni, akafumba macho. Akanishukuru. Miaka kumi na mitano ananishukuru."

"Naye sasa akaipeleka kwa Karsan."

"Nikaona Jumatatu inakuja."

Kivuli kiliingia mlangoni. Bi Mwanatatu alikuwa amefika, leso imelowa, Ishaka nyuma yake na mwavuli. Hakuna aliyejua amesimama pale kwa muda gani.

"Fundi," alisema.

Mzee alifunika uso.

"Nalijua tangu usiku ule wa kwanza."

Fundi Rashid aliondoa mikono polepole.

"Saa ya Mwidani ilikuwa na kilema. Tiki ya tatu hukawia, kama mtu anayechechemea. Hii yako yatembea kama askari wa gwaride. Nalilia usiku kucha. Asubuhi nikaja hapa kukuuliza. Nikakukuta umeungua mikono, umefunga vitambaa, na hata hivyo wajaribu kukaza skrubu za saa ya mtu. Nikasema, huyu amenidanganya kwa sababu aniogopea. Nikarudi."

"Ungesema!"

"Nawe ungesema! Tumekuwa majirani waongo, fundi, wote wawili." Aliketi kwenye kibao. "Wadhani kwa nini nimeibadilisha? Ile yake nisingeitoa, hata nipewe feri na abiria wake. Hii nimeitoa kwa sababu si yake. Mjukuu amepata kazi, ahitaji saa. Basi."

Fundi alimtazama. Jefwa aliona mzee anapima moyoni: Ijumaa iliyopotea, mlango uliosukumwa, siku mbili za kukesha, na vyote kwa ajili ya siri ambayo mjane mwenyewe aliijua tangu zamani.

"Na yule mwanamke," Jefwa alisema, "amelala mahabusu siku mbili sasa."

"Nilisikia jana jioni. Ndiyo maana nikaleta kikapu."

"Kikapu hakifungui mahabusu. Na karatasi isiyo na jina haifungui. Ungekuja mwenyewe."

"Niliogopa."

"Simama, fundi. Twende ukaandike maelezo."

*

Fundi aliandika yote. Karsan alikuja, akaziona nane zinatembea, akashindwa kuamua afoke au afurahi, mwishowe akafanya vyote viwili. Jefwa alimwambia wazi: wizi ni wizi, jalada litakwenda kwa hakimu likiwa na kila kitu ndani yake, pamoja na kikapu. Mengine ni ya hakimu.

Kisha alimwandikia Kahaso barua kwa mkono wake, akaipiga muhuri: hakuhusika kwa lolote. Akamtaka Karsan aweke saini chini ya neno kwamba kazi yake ipo. Karsan alinung'unika juu ya mlango uliorudishwa tu. Jefwa akamnyooshea kalamu, hakuishusha mpaka akaandika.

Gona alifungua mahabusu. Kahaso alitoka akikodoa macho kwenye mwanga, nguo imekunjamana, barua mkononi.

Fundi Rashid alikuwa kwenye benchi la ukutani. Aliinuka.

"Binti yangu," alisema. "Mimi ndiye."

Kahaso alimtazama mzee yule kutoka ndevu hadi viatu. Bi Mwanatatu alisogea, akamweleza habari kwa maneno machache: saa, moto, mjane, miaka. Kahaso alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo," alisema akimgeukia fundi, "ulitaka huyu bibi asiumie."

"Ndiyo."

"Huo uchungu uliomwondolea yeye, ukauleta kwangu. Mimi ulinionaje? Sina moyo unaopiga?"

"Sikukuona kabisa," alisema mzee. "Hilo ndilo kosa langu kubwa. Wizi unafuata. Nisamehe, binti."

Nje mvua ilikuwa imeacha, na mwanga wa maji uliingia mlangoni ukacheza darini.

Kahaso alikunja barua mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso yake kwa fundo la nguvu.

"Nitakusamehe, mzee," alisema. "Lakini si leo. Leo nawahi gari la Kaloleni."

Akatoka, akashika njia ya feri.